Kuoa, Kuolewa na Kunyenyekeana

Jioni moja nyumbani kwetu mtaani Kapsoya, hapa Eldoret, binti yangu alikuwa akifanya zoezi la Kiswahili kuhusu mnyambuliko wa vitenzi. Aliinua kichwa akaniuliza, "Baba, mbona mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa tu?" Nilimweleza, kama nifanyavyo darasani, kwamba "oa" ni kutenda, "olewa" ni kutendwa, na ipo pia "oana", ambayo wote wawili huitenda. (Kuhusu "oza", kitenzi cha mzazi anayemtoa binti, nilinyamaza, kinafanana mno na kile cha matunda yaliyoharibika.) Hakuridhika. Alimtazama mamake, mwalimu aliyerejea kutoka kazini wakati mmoja nami, akimenya viazi. Kisha akalitazama gazeti lililokuwa mikononi mwangu. Sikuwa na jibu la kisarufi.

Huku kwetu makanisa ni mengi na harusi za Kikristo hazikosekani. Katika nyingi nilizohudhuria, mahubiri hutoka Waefeso, sura ya tano. Mhubiri huanzia aya ya 22, inayomtaka mke amtii mumewe. Aya ya 21 hurukwa. Katika Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, aya hiyo inatumia kitenzi "kunyenyekeana", chenye kiambishi kile kile cha "oana": hakuna anayenyenyekea peke yake. Nayo aya ya 25 inamdai mume upendo wa yule aliyejitoa nafsi yake kwa ajili ya wengine. Huo ndio ukichwa wa nyumba. Wengi wetu tumeugeuza unyapara.

Kosa hili haliishii kwenye sarufi. Mnamo Oktoba 2021 mwanariadha Agnes Tirop alipatikana ameuawa nyumbani kwake Iten, si mbali na hapa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alifariki katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini humu, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Trans-Nzoia. Sisemi kwamba mahubiri ndiyo yaliyoua. Nasema kwamba mvulana aliyelelewa akiamini kuwa mke hutendwa tu hajafundishwa lolote la kumzuia siku atakapokasirika.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na hata ndoa inapovunjwa. Inatia haya, kwetu sisi waumini, kuona sheria ya nchi ikitamka waziwazi jambo ambalo mimbari hulirukia.

Walimu wenzangu hulalamika kwamba wanafunzi hutatizwa na kauli ya kutendana. Wataielewaje iwapo nyumbani hawajaiona ikitumika? Kwetu siku hizi viazi humenywa na aliyefika kwanza. Maganda yangu bado ni manene, na binti yangu hajaacha kunisahihisha.