Steere hakukikuta Kiswahili kikiwa bubu

Ndugu yetu wa Stockholm ameandika kwamba Askofu Edward Steere ndiye aliyeanzisha maandishi ya Kiswahili. Hapana, ndugu. Steere alifika Unguja mwaka 1864. Utendi wa Tambuka ulikwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1728, na Muyaka, mshairi wa Mombasa, alikwisha kufariki. Hata hadithi alizochapisha Steere mwaka 1870 alisimuliwa na Wazanzibari, wenye lugha yao. Kazi aliifanya, tena kubwa: sarufi, tafsiri, na lile kanisa la Mkunazini lililosimama palipokuwa soko la watumwa. Uaskofu wenyewe aliupata mwaka 1874. Msifu kwa hayo, ila mwanzilishi hakuwa. Rekebisha makala yako kabla watoto wetu huko Uswidi hawajaikariri.