Askari Mama Alindwe na Sheria

Katika kata ya Izimbya, Wilaya ya Bukoba, wazee waliokuwa vijana mwaka 1978 hawahitaji kufundishwa maana ya ulinzi wa Taifa. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi iliyoko kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wananchi wa ng'ambo walikimbilia kusini, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Makaburi ya mashujaa yaliyoko Kaboya, Wilaya ya Muleba, ni ushahidi wa gharama iliyolipwa ili ardhi hiyo irudi.

Kwa hiyo hakuna mtu wa Kagera anayeuliza kama nchi inahitaji jeshi imara. Linalostahili kuulizwa leo ni jinsi jeshi hilo linavyomtunza mwanamke anayelitumikia, hasa anapokuwa mama.

Katiba ya mwaka 1977 inaweka wajibu wa kulilinda Taifa juu ya kila raia, bila kutenga wanaume na wanawake. Tangu mwaka 2013, utaratibu wa vijana kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria uliporejeshwa, msichana wa Izimbya anayemaliza kidato cha sita huitwa kambini sawasawa na kaka yake. Machi 2021 mwanamke alishika wadhifa wa Amiri Jeshi Mkuu kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, na Septemba mwaka huo huo Dkt. Stergomena Tax aliteuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Ulinzi. Hapana shaka kwamba mlango umefunguliwa. Lakini kumkaribisha mtu ndani si sawa na kumwandalia mahali pa kukaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa pia muda wa kunyonyesha, usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Lakini kifungu cha 2 cha sheria hiyo kinawaweka kando askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba marufuku ya ubaguzi inawahusu askari pia, na marufuku hiyo inataja jinsi, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia.

Maana yake ni kwamba sheria moja inakataza askari asibaguliwe kwa sababu ya mimba, lakini haimhakikishii hata siku moja ya kulea. Jambo hilo limeachiwa kanuni za majeshi yenyewe. Huenda kanuni hizo zikawa nzuri, na huenda makamanda wengi wakawa na huruma. Lakini huruma ya kamanda huhama pamoja na kamanda. Haki iliyoandikwa katika sheria ya Bunge hubaki, naye anayenyimwa anaweza kuidai.

Mkoa wa Kagera unalifahamu somo hilo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza ilitoa hukumu katika shauri la bibi mmoja wa Wilaya ya Muleba, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mila ilisema mwanaume anaweza kuuza lakini mwanamke hawezi. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba ubaguzi huo ulipingana na Katiba, na bibi huyo akashinda. Hakushinda kwa kuhurumiwa na ukoo. Alishinda kwa sababu haki yake ilikuwa imeandikwa.

Wapo wanaosema kwamba jeshi si mahali pa kulea watoto, na kwamba mimba hupunguza utayari wa kikosi. Hoja hiyo isidharauliwe. Ni kweli kwamba kuruta hawezi kupita mafunzo ya awali akiwa mjamzito, na ndiyo sababu matangazo ya kuandikisha vijana katika vyombo vya ulinzi na usalama yamezoea kudai kijana asiyeoa wala kuolewa. Lakini sharti la miezi ya mafunzo lisigeuzwe kuwa kivuli cha maisha yote ya kazi. Askari hutumikia miaka mingi. Siku 84 katika utumishi huo ni chache kuliko muda ambao askari huweza kukaa masomoni au hospitalini kwa jeraha, na hakuna anayesema majeruhi amelidhoofisha jeshi.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Hadi mwaka 1990 mwanajeshi mwanamke aliyepata mimba alikuwa akiondolewa jeshini. Baadaye serikali ya nchi hiyo ikakubali kwamba utaratibu huo ulivunja sheria, ikawalipa fidia maelfu ya wanawake. Fedha zikapotea mara mbili, kwanza katika kuwafunza watu waliofukuzwa, kisha katika kuwalipa.

Hapa nchini Serikali imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kurekebisha jambo la namna hii. Novemba 2021 ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Haifai mama apewe kalamu tena, halafu aje ahofie kunyang'anywa cheo atakapokuwa askari.

Pasipo utaratibu mwema, mzigo huangukia vijijini. Mtoto wa askari huletwa kwa bibi yake Izimbya, akue kando ya migomba bila kumjua mama. Mkoa huu, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, umewaona bibi wengi wakilea wajukuu yatima. Si haki kuwaongezea wajukuu ambao wazazi wao wako hai na wanalitumikia Taifa.

Wala jambo hili si la wanawake peke yao. Mkono mmoja haulei mwana. Askari mwanaume naye ni baba, na sheria ile ya mwaka 2004 iliyompa baba wa kiraia likizo ya siku tatu nayo haikumfikia.

Yafaa basi Bunge liweke kiwango cha chini cha likizo ya uzazi na muda wa kunyonyesha kwa askari wote, kisichopungua kile cha mfanyakazi wa kiraia. Yafaa kambi kubwa ziwe na mahali pa kulelea watoto wachanga, mume na mke walio askari wapangiwe vituo vya karibu inapowezekana, na mimba isihesabiwe kuwa kosa wakati wa kupandisha vyeo.

Vita itakapodai, askari ataacha mtoto na kwenda, kama walivyofanya mashujaa waliolala Kaboya. Hiyo ndiyo sadaka ya askari, naye huitoa kwa hiari. Lakini wakati wa amani hakuna adui anayemlazimisha mama kuchagua kati ya bunduki na mtoto, na Taifa alilokula kiapo kulilinda lisiwe la kwanza kumlazimisha.