Piga Kopo, Mwache Hondohondo

Hondohondo jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa tope na kinyesi mpaka ukabaki ufa mwembamba, kisha akapukutisha manyoya yake ya kurukia. Hawezi tena kwenda kujitafutia. Dume ndiye anayehangaika kutwa, anakwenda na kurudi, anapenyeza panzi na mbegu katika ule ufa, kwa mama na kwa makinda. Sasa aje kijana na manati shingoni, amwone dume ametua tawini, amtandike kokoto la kifua kwa sababu tu alikuwa pale na mkono ulikuwa unamwasha. Ndege mmoja ameanguka. Ndani ya mti yumo mama asiyeweza kuruka, na watoto wanaongoja mlo usiokuja. Kijana mwenyewe ameshasahau, anatafuta kingine cha kupiga.

Nasema bila kumung'unya maneno: kupiga kiumbe hai kwa ajili ya kujifurahisha ni ukatili, na sisi watu wazima ndio tunaoulea. Tunamkatia mtoto panda ya mpera, tunamfungia mipira ya tyubu ya baiskeli, tunamshonea kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu, kisha tunamwachia silaha mkononi bila kumwambia neno moja kuhusu apige nini. Akirudi na chozi mfukoni, kindege ambacho mara nyingi hakifikii uzito wa gramu 10, tunacheka na kumwita mwindaji. Mwindaji wa nini? Nyama ile haijazi hata kijiko.

Sina ugomvi na shabaha. Kulenga ni raha ya kweli, tena raha yenye adabu yake. Unatulia, unashusha pumzi, unavuta mpaka mkono uguse shavu, unaachia, halafu sauti ya kugonga inakurudia. Mtoto anayejifunza hivyo anajifunza subira na kipimo. Nataka watoto wetu waipate raha hiyo. Ninachokikataa ni kuigeuza roho ya mwingine kuwa chombo cha raha hiyo, wakati dunia imejaa vitu vya kupigwa visivyovuja damu.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa manati ni ya tangu zamani, na kwamba bila ya kupiga ndege mashamba yetu yangeliwa yote. Hoja hiyo naiheshimu pale inapostahili. Kweleakwelea mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku, na wanapokuja huja kwa mamia ya maelfu, kwa mamilioni, shamba la mpunga au mtama likabaki mabua. Mtoto aliyekaa dunguni tangu alfajiri kuamia ndege, anayepiga debe na kuvurumisha kombeo, yuko kazini. Analinda chakula cha nyumba yao. Wala siwagusi Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa upinde na mshale na kula wanachokipiga. Ninaowasema ni wale wasiolinda shamba wala hawana njaa. Ninaowasema ni sisi.

Na wabaya zaidi si watoto. Wabaya zaidi ni wanaume wazima wanaotoka mjini Jumapili na bunduki za upepo ndani ya gari, wakapita vichakani wakitungua tetere, kanga, kipanga, chochote kinachotikisika. Jioni wanawapanga maiti hao juu ya boneti, wanapiga picha, wanazituma kwa marafiki. Wengi wa ndege wale hawapelekwi hata jikoni. Hii ni aibu, tena ni kosa. Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayewinda awe na kibali, na ndege wamo katika ulinzi huo. Kenya uwindaji wa wanyama kwa mchezo ulipigwa marufuku tangu 1977. Anayesema "ni tetere tu" ajue kwamba anamsema mnyamapori, na kwamba hakupewa na mtu yeyote ruhusa ya kumuua kwa mchezo.

Bundi ndiye anayeniuma kuliko wote. Huyu hapigwi hata kwa mchezo tu. Hupigwa kwa chuki, kwa kuwa tumemtwika uchawi wa kijiji kizima. Akitua juu ya bati, watu wazima ndio wanaowaita vijana waje na manati. Bundi yule alikuja kufuata panya waliomo ghalani mwako. Jozi yenye makinda hukamata panya usiku kucha, bila sumu wala gharama. Unamuua mlinzi wako, halafu asubuhi unakwenda dukani kununua dawa ya panya.

Wengine walishapita njia hii wakaona haya. Mwaka 1900 mjini Paris, katika mashindano yaliyoandamana na Michezo ya Olimpiki, walifungulia njiwa hai mbele ya wapigaji. Mshindi, Léon de Lunden wa Ubelgiji, aliangusha njiwa 21, na kwa jumla waliuawa karibu 300. Uwanja ulijaa damu na manyoya. Mchezo ule haukurudiwa tena katika Olimpiki, na Uingereza ilipitisha sheria ya kuukataza mwaka 1921. Tena mbadala wake ulikuwepo tayari: tangu 1880 Mmarekani George Ligowsky alikuwa amekwisha kubuni kisahani cha udongo kinachorushwa hewani na mtambo. Kisahani cha leo kina upana wa milimita 110, kinakwenda kasi kuliko njiwa wengi, na kukipata si kazi ya mtu mzembe. Mwaka 2004 huko Athens, Ahmed Al Maktoum wa Umoja wa Falme za Kiarabu alitwaa medali ya dhahabu kwa kuvunja visahani hivyo, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Hakuna ndege aliyekufa ili yeye apate heshima ile.

Sisi hatuhitaji hata mtambo. Chukua kopo la maziwa ya unga, litoboe, litundike kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya mti au mlingoti. Ukilipata linalia kwaa! linazunguka, linayumba, na pigo la pili linakuwa gumu kuliko la kwanza kwa sababu sasa shabaha inatembea. Watoto watano wanaweza kushindania kopo moja mpaka magharibi. Panga vifuu vya nazi juu ya gogo. Simamisha magunzi ya mahindi katika tope. Na ukitaka raha ya kuona kitu kinasambaratika, finyanga visahani vya udongo, vianike juani siku mbili bila kuvichoma. Vikipigwa vinapasuka vizuri sana, na mvua ya kwanza inavirudisha kuwa udongo. Vile vya viwandani mara nyingi ni lami na unga wa chokaa, kwa hiyo vipande vyake havina budi kuokotwa.

Chupa ya kioo usiiguse. Dakika moja ya kelele ya kupasuka, kisha vigae vinabaki majanini miaka na miaka vikimngoja mtoto anayekwenda peku kisimani. Usipige jiwe wala chuma kwa karibu, kokoto au gololi hurudi, na jicho halioti tena. Bango la barabarani nalo si shabaha. Dereva wa usiku analitegemea limwambie kona iko wapi. Nyuma ya shabaha yako pawe na ukingo wa udongo, kama ule wa mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, si kichaka usichojua nani yumo ndani yake. Kwa manati huo ni uangalifu. Kwa mwenye bunduki ya moto ni sharti: hata risasi ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2, na ikigonga uso wa maji inaruka na kushika njia yake yenyewe. Huyo mahali pake ni kiwanja cha shabaha kilichosajiliwa, basi.

Wako pia waliopumbazwa na video za shabaha zinazolipuka. Aprili 2017 huko Arizona, Marekani, mtu mmoja alipiga risasi shabaha iliyojazwa unga wa kulipuka, ili rangi itakayotoka itangaze kama mtoto atakayezaliwa ni wa kike au wa kiume. Nyasi zilikuwa kavu. Moto uliteketeza karibu hekta 19,000, na hasara ikapita dola milioni 8. Nyasi zetu za kiangazi haziungui polepole kuliko zile.

Na hata anayepiga kopo aokote mabaki yake. Risasi nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, na madini hayo ni sumu. Huko California tai wakubwa waitwao kondori walikula mizoga na matumbo ya wanyama waliopigwa, wakameza vipande vya risasi na kufa. Mwaka 1987 duniani kote walikuwa wamebaki 27. Jimbo lile likalazimika kupiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote, na katazo likatimia mwaka 2019. Sisi tai wetu bado tunawaona angani. Tusingoje tufike kwenye hesabu hiyo.

Mzazi, mjomba, kaka mkubwa: mpe kijana manati ukipenda, lakini siku hiyohiyo mpe na kopo, mtundikie kwa mkono wako, mwonyeshe asimame wapi, na mkataze kupiga chochote chenye uhai. Akirudi na ndege, usicheke, mnyang'anye manati. Na nyinyi mnaotoka mjini Jumapili na bunduki za upepo, zipelekeni kwenye kiwanja cha shabaha au zifungieni kabatini. Ndege wale si wenu.