Jina Linalotuchelewesha

Mwanafunzi wangu, leo nalishtaki neno. Maradhi ambayo wakunga huyatambua kwa tarakimu, sisi tumeyaita kifafa cha mimba. Jina hili limeshika tukio la mwisho likaacha yote yaliyotangulia. Anayelisikia hungoja degedege na povu mdomoni. Degedege ikija, majirani hunong'ona habari za mapepo. Ilhali ugonjwa huanza kimyakimya, kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya ujauzito: shinikizo la damu hufika 140 kwa 90, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Likifika 160 kwa 110, hatari yake huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Kichwa kuuma vikali, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: nani kati yenu aliyefundishwa haya pamoja na msamiati wa ukoo?

Nayakataa pia majivuno ya wakubwa wanaokata utepe mbele ya vyumba vya wagonjwa mahututi. Sisemi vyumba hivyo havifai. Mama ambaye figo zake zimegoma, au mapafu yake yamejaa maji, hana kimbilio jingine. Lakini kitanda kile ni mlango wa mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi tu, tena ya bei nafuu! Hapa Uganda, mama akiondoka kituo cha afya cha ngazi ya tatu bila sindano hiyo, mashine ya kupumulia inayomngoja mjini itamfaa nini njiani?

Wataniambia wanawake huchelewa kliniki. Jirani yangu hakuchelewa. Nilimsindikiza mwenyewe, alipimwa uzito, akaulizwa jina la mumewe, akaambiwa arudi mwezi ujao. Kipima shinikizo kilikuwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa semina.

Basi utakapomsindikiza dada au shangazi, hata baada ya kujifungua, kwani hatari hubaki kwa wiki kadhaa, uliza: "Shinikizo lake ni ngapi?" Usikubali jibu la "yuko sawa." Dai tarakimu mbili, uziandike kwenye kadi yake.