Tumlipe Fundi Anayetafuta

Wengi wenu mmetuona tukisukuma gari. Mmetuona tukilisukuma mbele ya soko, mmetuona tukilisukuma nje ya shule, na mara moja, kwa aibu kubwa, mmetuona tukilisukuma mbele ya msafara wa harusi ambao ulipaswa kuongozwa na sisi. Baadhi yenu mliweka mikono pamoja nasi, na kwa hilo twawashukuru. Juma hili twapenda kusema neno juu ya ugonjwa wa gari lile, kwa maana tumekwisha gundua kwamba familia nyingi za ukanda wetu zinao ugonjwa huohuo, na tena usiku mmoja wa mwezi Machi ugonjwa huo ulikaribia kutudai kitu kisichouzwa katika duka lolote la vipuri.

Gari lenyewe mnalijua. Lina viti saba, lilitumika miaka kadhaa Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa kilomita zipatazo elfu moja hadi kwetu Shinyanga. Hata leo tukiliwasha husikika sauti ya mwanamke ikitueleza kwa Kijapani kwamba hatujaweka kadi ya kulipia barabara za huko. Watoto wa nyumbani wamemzoea, na kila asubuhi humwamkia, “Shikamoo, mama.” Limebeba wagonjwa, limebeba magunia ya mpunga, limebeba wanakwaya na majeneza. Gari la familia moja katika mji kama wetu ni gari la mtaa mzima, na likiugua, mtaa mzima huugua nalo.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo. Gari likikaa siku tatu bila kutembea, siku ya nne haliwaki. Tukaambiwa betri imekufa, tukanunua betri. Baada ya miezi mitano hali ikarudi. Tukaambiwa betri ile ilikuwa bandia, tukanunua nyingine. Ikarudi tena. Fundi wa pili akasema ni altaneta haichaji, nasi tukanunua altaneta iliyokwisha tumika, tukaifunga, tukafurahi kwa majuma matatu. Kisha dalili zikaongezeka: taa za dashibodi zikawa zinawaka na kuzimika mvua inaponyesha. Tukalipeleka gari likapimwe kwa kompyuta, na mashine ikatoa orodha ndefu ya makosa, mengine ya breki, mengine ya mifuko ya hewa ya usalama, mengine ya usukani. Fundi kijana aliisoma ile orodha kwa uso wa huzuni, kama anayesoma majina ya marehemu, akatuambia kila kimoja kitahitaji kubadilishwa.

Hatukujua wakati ule jambo ambalo sasa twalijua. Kompyuta husema ni wapi panapouma, wala si lazima iseme ni kwa nini. Vitengo vingi vya gari vinapolalamika kwa siku moja, ni nadra viwe vimeharibika vyote kwa pamoja. Mara nyingi umeme unaovifikia ndio umepungua.

Tukafika usiku ule. Jirani yetu alishikwa na uchungu mnamo saa nne, mvua ikinyesha, nasi tukamchukua pamoja na mama yake kumkimbiza hospitali. Taa kubwa zilikuwa zinawaka, waipa zinafanya kazi, feni ya kufuta ukungu kwenye kioo nayo inazunguka. Tukiwa barabara kuu ya kutoka upande wa Maganzo, hatujafika mjini, waipa zilianza kwenda polepole, taa zikafifia zikawa nyekundu kama makaa, kisha zikazimika zote. Injini iliendelea kunguruma. Tulikuwa katika mwendo, gizani, mvuani, hatuoni mbele wala hatuonekani nyuma, na lori linakuja. Lilitupita. Mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa nyuma yetu alielewa, akatangulia mbele na taa yake moja, nasi tukamfuata kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, kichwa kikiwa nje ya dirisha, hadi getini hospitalini. Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri. Yule kijana wa bodaboda hatukumpata tena kumshukuru.

Siku tatu baadaye tulilipeleka gari kwa mzee mmoja aliyejifunza umeme wa magari katika karakana ya mgodi, ambaye sasa ana kibanda chake kidogo. Ndugu wapendwa, mzee huyo alikaa na gari letu saa tatu nzima bila kubadilisha kitu chochote. Kijana wetu alitunong'oneza kwamba tunapotezewa muda. Nasi, tukiri, tuliwaza vivyo hivyo.

Alichofanya ni kupima. Alizima kila kitu, akafunga milango, akasubiri kama nusu saa ili vitengo vya gari vilale. Kisha akafungua waya wa hasi wa betri na kuweka mita yake katikati ya waya na betri, kusudi umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Gari lililolala hunywa umeme kidogo tu, wa kutunza saa na kumbukumbu, kwa kawaida usiozidi sehemu moja ya ishirini ya ampea. Letu lilikuwa linakunywa nusu ampea. Mzee akatupigia hesabu kwa kijiti mchangani: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12 kila siku, na betri yetu ni ya ampea-saa 45. Siku ya nne imekauka. Betri zile mbili tulizozilaani hazikuwa na kosa, wala altaneta ile ya kwanza, ambayo tuliiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku akitazama mita, mpaka namba ikaanguka. Ilikuwa fyuzi ya redio. Hapa ndipo ilipo habari inayowahusu wengi wenu. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya huko, yanayoanzia 76 na kwa zile za zamani kuishia 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo karibu kila familia inayonunua gari la namna hii huanza kwa kubadili redio, na kazi hiyo hufanywa barabarani kwa dakika ishirini, kwa meno na utepe mweusi. Redio mpya huwa na waya wa njano unaopaswa kupata umeme wakati wote kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu unaopaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Katika gari letu aliyefunga redio aliviunganisha vyote viwili pamoja. Redio yetu ilikuwa haizimiki kamwe, ilinyamaza tu.

Hiyo ilieleza betri. Haikueleza taa. Mzee akawasha injini na taa zote, akagusa kwa mita nguzo ya hasi ya betri kwa upande mmoja na bodi ya gari kwa upande mwingine. Baina ya hizo mbili haipaswi kuwa na tofauti inayozidi sehemu mbili za kumi za volti. Mita ilionyesha volti moja na nusu, na aliporudisha mkono kutoka kwenye bolti inayoshika waya wa hasi kwenye bodi, alikuwa ameungua kidole. Bolti ile ilikuwa imekazwa juu ya rangi, na chini yake pamejaa udongo mweusi wa mbuga na kutu ya kijani. Ninyi mnaujua udongo wetu. Kiangazi ni vumbi linaloingia hata kwenye saa ya mkononi, na masika ni tope linalonata na kushika maji. Safari moja tu ya Kahama hadi Geita kwa kupitia Kakola, katika vumbi lile tulilolizoea miaka mingi, hupakia ndani ya boneti yale ambayo mvua ya kwanza itayageuza kuwa kutu. Mzee alikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Vifaa vyote vya kazi hiyo vilikuwa bolti moja na kipande cha msasa. Yale makosa ya kompyuta, alipoyafuta, hayakurudi.

Tungependa kuishia hapo, lakini kuna jambo la tatu, nalo hatuwezi kumtupia fundi yeyote. Katika kisanduku cha fyuzi, mahali pa fyuzi ya buluu ya ampea 15 inayolinda tundu la kuchajia simu, mzee alikuta uzi wa shaba uliosokotwa. Akatutazama. Hakusema neno. Uzi ule tuliuweka sisi. Tulikuwa njiani kwenda harusini Geita, fyuzi imekatika mara mbili, simu zimeisha chaji, kijana mmoja akachuna waya na kuuchomeka, ikawaka, nasi tukampigia makofi. Ilikuwa ikikatika kwa sababu panya, ambao baada ya mavuno ya mahindi hutafuta joto la injini, walikuwa wameguguna nyaya nyuma ya dashibodi. Fyuzi ilikuwa inatuambia hivyo kwa lugha pekee inayoijua. Sisi tukaifunga mdomo. Umeme ukizidi mara mbili katika waya, joto la waya huo huzidi mara nne. Fyuzi huwekwa ili ife yenyewe kabla ya waya kufikia hapo. Plastiki ya waya ule ilikuwa imeanza kuyeyuka. Na mara ngapi, ndani ya gari hilo hilo, tumebeba dumu la petroli la kupeleka kwa ndugu mwenye pampu machimboni, watoto wakiwa kiti cha nyuma?

Ndugu zetu wanaofanya kazi katika migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu wanajua nidhamu nyingine. Huko, kabla ya mtu kugusa mtambo, umeme hukatwa, na kila anayefanya kazi huweka kufuli lake mwenyewe na jina lake, ili asitokee mwingine akauwasha. Akithubutu kuchomeka uzi wa shaba mahali pa kinga, atarudi nyumbani bila kazi. Lakini ndugu huyohuyo akija likizo, gari la baba yake analitengeneza kwa uzi wa shaba. Tunajiuliza ni kwa nini nidhamu hiyo huachwa getini, pamoja na kofia ngumu. Je, mtambo wa mwekezaji ni wa thamani kuliko watoto wetu?

Wapo watakaosema kwamba mafundi wetu ni wezi wa vipuri. Hatukubaliani nao, walau si kwa haraka hiyo. Yatupasa tujiulize tunamlipa fundi kwa kipi. Akifunga altaneta, tunalipa bila kunung'unika, kwa sababu tumeona kitu kikitoka na kitu kikiingia. Akikaa saa tatu akapima, akapata waya mmoja na kuugeuza, tunamwambia, “Kumbe ni waya tu?” na kumpa elfu tano. Kwa bei hiyo tumemfundisha wenyewe kwamba kutafuta hakuna malipo, na kubadilisha kuna malipo. Kijana aliyetoka chuo cha VETA akijua kupima, akikaa miaka miwili katika malipo ya namna hii, naye atajifunza kubahatisha. Wengine kwa kweli hawana hata mita, ingawa bei ya mita ya kawaida ni ndogo sana ikilinganishwa na ya betri moja; wanajaribu kwa kugusisha waya na bodi waone cheche. Fundi wa namna hiyo tusimpe gari, hata akiwa ni mtoto wa ndugu yetu.

Kwa hiyo sisi tumekata shauri, nasi twawashauri ninyi. Hatununui kipuri cha umeme kabla fundi hajatuonyesha kwenye mita kwa nini kipuri hicho kinahukumiwa. Betri iliyochajiwa na kupumzika iwe karibu na volti 12.6, injini ikiwaka, katika magari mengi ya kawaida, ipande kufikia kati ya 13.8 na 14.4. Namba hizi mama yeyote wa nyumbani aweza kuzisoma mwenyewe. Kazi ya kutafuta tunaipatana bei kabla, kwa saa, na tunailipa hata kama dawa yake ni bolti moja. Fyuzi za akiba za rangi zote ziko kwenye droo ya gari, na nyekundu haiwekwi mahali pa njano, wala njano mahali pa nyekundu. Wenye magari mapya yanayotumia petroli pamoja na betri kubwa, zile nyaya nene za rangi ya machungwa zina volti zinazozidi mia mbili katika magari mengi ya aina hiyo. Msimruhusu mtu wa barabarani kuzigusa kabisa.

Tumeweka pia daftari. Kila kasoro inaandikwa tarehe, hali ya hewa, na vilivyokuwa vinawaka saa hiyo. Mzee alituambia kwamba kama tungekuwa nalo mwaka jana, angetumia saa moja badala ya tatu.

Yeye mwenyewe alitaka elfu ishirini. Tulimlipa zaidi, naye akakataa mara mbili kabla ya kupokea. Katika ukurasa wa mwisho ulioandikwa kuna mstari mmoja wa juma hili: taa ya nyuma ya kushoto hufifia mvua ikinyesha, breki ikikanyagwa. Tumepanga kumpelekea siku ya Alhamisi, naye ametuomba tusiiguse.