Albamu za tamthilia zisikatwe mazungumzo

Tamthilia ya muziki ina nyimbo na ina mazungumzo. Lakini waigizaji wake wanapoingia studio kurekodi albamu, mara nyingi mazungumzo huachwa nje, nasi tukauziwa nyimbo peke yake. Naona hilo si haki kwa msikilizaji aliye mbali na jukwaa.

Chanzo chake ni santuri. Nyimbo za Oklahoma! ziliporekodiwa mwaka 1943 huko Marekani, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3 tu. Santuri ndefu zilizotoka mwaka 1948 zilibeba dakika 20 na kitu kila upande. Nafasi ilitosha nyimbo, basi maneno yakakatwa. Hata hivyo wenye nia walipata njia. The Most Happy Fella ya mwaka 1956 ilitolewa kwa santuri 3, karibu mchezo mzima. Sweeney Todd ya 1979 ilitolewa kwa santuri 2, na mazungumzo mengi yamo. Leo simu ya mkononi inabeba saa nyingi za sauti, hivyo kisingizio cha nafasi kimekwisha.

Wapo wanaosema mazungumzo yanachosha, kwamba kichekesho ukikisikia mara ya kumi hakichekeshi tena. Ni kweli. Lakini wengi wasemao hivyo wameshauona mchezo wenyewe. Sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania kabla ya kurejea Burundi, jukwaa letu lilikuwa redio. Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, tuliufuata kwa masikio tu, wala hatukulalamika kwamba watu wanaongea mno.

Darasani hasara naiona. Sarafina! ya Mbongeni Ngema, ya mwaka 1987, inahusu wanafunzi wa Soweto walioandamana mwaka 1976. Nikiwapigia wanafunzi wangu nyimbo zake peke yake, wanacheza na kupiga makofi. Nikiwauliza nani anaimba, na kwa nini, kimya.

Ombi langu kwa watoaji ni dogo. Mazungumzo yawekwe katika kipande chake, kabla ya wimbo unaohusika. Asiyeyataka ayaruke. Wafanyabiashara wenzetu wa mpakani wanalijua hili: mzigo hufunguliwa mteja akaona vyote vilivyomo, kisha akachagua mwenyewe. Aliye mbali naye aonyeshwe mzigo mzima.