Pele aliongea, wanaume wa Mbinga wananong'ona

Straika akimaliza mechi tano bila bao, mashabiki kwenye kibanda umiza pale Mbinga mjini wana dawa moja tu: "Mpeni vumbi la Kongo huyo!" Kibanda kizima kinacheka. Ila ukiangalia vizuri, benchi la nyuma kuna mzee kacheka kwa kuchelewa.

Nguvu za kiume ni mada ambayo Simba na Yanga wanakubaliana: ni ya kutaniana, siyo ya kuzungumza. Mwanaume anayeweza kubishana saa mbili kuhusu penalti anashindwa kumwambia daktari sentensi moja.

Pele alishinda aibu hiyo. Mwaka 2002, huyo huyo aliyebeba Kombe la Dunia 1958, 1962 na 1970, alisimama mbele ya kamera kwenye kampeni ya kampuni ya Pfizer, akiwahimiza wanaume wenye tatizo hilo wakamwone daktari. Alilipwa, ndiyo, na Pfizer ndio wenye Viagra, kwa hiyo haikuwa sadaka. Lakini alisema daktari. Hakusema jamaa wa stendi mwenye vidonge kwenye mfuko wa koti.

Na tofauti hiyo ni ya uhai. Viagra, kitaalamu sildenafil, ilianza kama dawa ya moyo. Watafiti wa Pfizer kule Sandwich, Uingereza, walikuwa wanahangaika na maumivu ya kifua, wakakuta inafanya kazi nyingine. Marekani ikairuhusu Machi 1998. Inalegeza mishipa ili damu ipite. Sasa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akiichanganya na hiyo, presha inaweza kuporomoka na kumuua. Muuzaji wa stendi hamuulizi mtu anatumia dawa gani nyingine. Na huo unga wa kienyeji usio na lebo siyo salama kwa sababu tu umetoka kwenye mti. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeshakamata bidhaa zinazoitwa za asili, kumbe ndani zimetiwa sildenafil kimyakimya.

Kinachouma zaidi ni Ruvuma yenyewe. Maduka ya dawa muhimu, yale yenye wauzaji waliopewa mafunzo na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, yalianzia mkoa huu mwaka 2003 kabla ya kusambaa nchini. Mkoa ulioonyesha wengine njia unanunuaje dawa ya cheti kwenye kiganja cha mtu?

Halafu kuna kijana wa ndondo, miaka 22, mzima kabisa, anayedhani kidonge hicho kitampa pumzi ya dakika 90. Wakubwa wa kupambana na dawa michezoni, WADA, wameshakichunguza na hakimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Msaada uliowahi kuonekana kwa wanamichezo ni kwenye milima mirefu, ambako hewa ni nyepesi. Ufukwe wa Mbamba Bay haufiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari! Huko kijana ataambulia kichwa kuuma na uso kuwaka. Pumzi inatafutwa mazoezini, kwenye ule mchanga wa ziwa.

Turudi kwa mzee wa benchi la nyuma. Tatizo lake linatibika, na mara nyingi dawa siyo jambo la kwanza. Mishipa ikianza kuchoka kwa sukari, presha au sigara, huko chini ndiko kunakoweza kulia kengele mapema kuliko moyo. Anayenyamaza na kumeza cha stendi anazima kengele huku nyumba inaungua. Litembo kuna hospitali, Liuli ipo, Mbinga mjini ipo. Kupima presha na sukari hakumalizi dakika 15 za mapumziko.